Mkono wa Pengwini

Nakumbuka mchana mmoja, stendi ya Nyakanazi, nusura nife kwa neno moja. Usicheke, mwanangu. Hadi leo nikipita pale sishuki garini.

Nilikuwa mwalimu mpya, natoka chuoni, narudi kwetu Rulenge na boksi la kufundishia. Ndani mlikuwa na mfano wa plasta wa mifupa ya bawa la pengwini wa kale, ndege wa nchi za baridi asiyeruka, mrefu kama mtu. Utingo akalidondosha boksi, likapasuka. Akachungulia. "Hii nini?"

Nami na majivuno yangu ya chuo, kusema bawa hakukunitosha. "Mkono wa pengwini," nikajibu.

Loo! Siku hizo uvumi wa wauza viungo vya watu ulikuwa umezagaa. Pengwini hawakumjua, mkono waliujua. "Kamuua Pengwini!" mmoja akapiga yowe. Mwingine akauliza, "Pengwini mtoto wa nani?" Wakanizunguka na mawe. Mwanangu, niliogopa. Nikamfikiria mama aliyekuwa ananisubiri na ndizi jikoni.

Mgongo wangu ulikuwa umegota meza ya mama muuza kuku wa kukaanga. Nikanyakua bawa kwenye sinia lake, nikaguguna nyama huku nalia, nikaipanga mifupa kando ya ile ya plasta. Mmoja juu. Miwili chini yake. Kisha vidole vilivyoungana. "Tazameni, ni ndege! Mababu zake waliruka. Wazao wakazoea kupiga mbizi, kizazi kwa kizazi bawa likawa kasia, lakini mpango wa mifupa ni uleule. Hata mikono yetu imepangwa hivyo!"

Mwenye jiwe kubwa akainama, akatazama, akapapasa mkono wake mwenyewe. Akaliachia jiwe.

Mama wa kuku akalivuta sinia lake. "We mwalimu," akanifokea, "kwani neno bawa hulijui?"

Ulimi hauna mfupa, na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Basi, mwanangu, elimu yako iseme kwa neno ambalo msikilizaji analo. Na ukisikia yowe, uliza kwanza, kwa maana wale walionizunguka nao walikuwa wanaogopa. Mungu akuepushe na jiwe la mwenye hofu. Na siku hofu ikiwa yako, aushike mkono wako usirushe jiwe.