Coleta wa Simu ya Nyota

Mtu akikuambia Coleta ni mkali, mkubalie tu. Mimi ninayeuza chai mlangoni kwake namjua vizuri. Kazi yake ni kuunganisha simu ya nyota hapa Sumbawanga mjini, mtambo unaopeleka sauti kwa kasi kupita mwanga. Mwanga ungechukua miaka minne kukifikia chombo walichopanda vijana wetu. Sauti hufika hata hujafunga mdomo.

Ila muda wa kila simu ni dakika mbili, na watu wetu walizimaliza kwa kusalimiana. Wakubwa wake wakachoka, wakabandika tangazo: salamu marufuku. Coleta alilisimamia kama askari.

Mwezi wa sita akaja mzee Eustaki kutoka Kaoze, koti limejaa vumbi. Binti yake Justina ni fundi kwenye chombo hicho. Siku hiyo alipaswa kuamua: aendelee na safari aliyoiota tangu shuleni, au apande chombo kidogo kinachorudi. Alichosubiri ni habari za mama yake, aliyefanyiwa upasuaji.

"Shikamoo baba!" sauti ya Justina ikasikika kwenye mtambo.

Mzee akalitazama tangazo, akatii. "Mama yako amepona. Endelea na safari."

Kisha tukasikia kilio. "Baba, hata shikamoo yangu hupokei? Mama amekufa, mnanificha. Narudi nyumbani!"

Nani angemlaumu? Kwetu Ufipa, anayeruka salamu ana habari ya msiba. Mzee akalitazama tena tangazo, nami birika mkononi, roho ikaniuma.

Coleta akaigeuza saa ikatazama ukuta. "Mzee, msalimie mwanao."

Mzee akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama Wafipa tunavyoamkiana, akaanza kwa Kifipa. Ameamkaje, amelalaje, na wenzake je? Justina akajibu kwa kwikwi, naye akapiga makofi huko aliko. Akauliza habari za kuku, mahindi, majirani hadi wa ng'ambo ya mto.

"Na mama, anakula?"

"Anakula. Jana kanigombeza kutwa nzima kwa sababu ya kuni."

Justina akaangua kicheko. Jamani, nilifurahi mpaka chai ikanimwagikia.

"Basi ni mzima kweli," akasema. "Naendelea, baba."

Dakika mbili zilikwisha zamani. Wakubwa wakapiga simu, wamefura, wanataka maelezo. Coleta akalibandua kwanza tangazo, ndipo akapokea. Akawauliza wameamkaje, watoto hawajambo, na huko kwao baridi ikoje.