Walipiga kura tukiwa tunapakua wali

Leo sinodi imemhamisha padre wetu, Mwafrika wa kwanza kupewa altare yetu, na mimi mjumbe wa walei sikupiga kura.

Wajumbe walikuja kwetu Ifakara. Sasa niambieni ndugu zangu, mgeni akae na njaa na wewe mwenyeji umekaa kitini unajadili?

Tukatoka, walei wote wa hapa, kwenda kupakua wali na samaki.

Nimerudi na birika na beseni. Mwenyekiti, padre Mzungu, akaninyooshea mikono.

"Tumeshamaliza, mzee. Padre wenu anahama."

"Na kura zetu?"

"Hamkuwemo ukumbini."

Nikammwagia maji. Nikawamwagia wote, mpaka wa mwisho.

Wali wameusifu sana.

Jamani, Pilato alinawa mwenyewe. Hawa nimewanawisha mimi.