Mguu wa Mwami Nilioutupa Mtoni

Nakumbuka siku moja kwa harufu yake, mwanangu. Ilikuwa harufu ya mguu wa mbuzi begani mwangu, siku ya pili ya safari, jua kali na nzi wananisindikiza kama bibi harusi. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilijiona nimeshamaliza kuijua dunia.

Nakuandikia kwa sababu jana ulikuja kwangu hapa Small Heath, huku ughaibuni, na simu mkononi, ujumbe umeshaandikwa: familia za mtaa wenu wa Northfield, upande wa pili wa jiji, zimejitoa katika kanisa letu, kuanzia sasa mtasali peke yenu huko kwenu. "Babu, nina-send tu halafu nina-leave group," ukasema. "Watoto wamechoka, mabasi mawili kila Sunday." Nikakuomba usitume mpaka nikueleze jambo. Ukakubali, ukatazama saa, ukakimbilia zamu yako kazini, na chai yako ikapoa mezani. Basi soma hapa nilichotaka kukuambia.

Sisi tulikuwa watu wa milimani, mashariki ya Kongo. Milima ilijaa, mpaka shamba la mtu likigawanywa kwa wanawe, kila mmoja anapata pa kutandika mkeka tu. Baba zetu wakashuka msituni, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mwami wetu, mtawala wa kule milimani, ndiye aliyewaombea nafasi kwa wenyeji wa msitu. Wakafyeka, wakapanda mahindi na maharage na migomba. Mimi nilizaliwa hukohuko ukingoni mwa msitu, na milima niliijua kwa kusimuliwa tu.

Lakini kwa desturi tulibaki watu wa Mwami. Mbuzi wa jirani akila mahindi yako, kesi ni kwake. Binti akitaka kuolewa, ruhusa ni kwake. Na kila mnyama aliyechinjwa, mguu mmoja wa nyuma ulikuwa wake, tena mbichi, maana kumpelekea Mwami nyama iliyopita motoni ilikuwa dharau. Mbichi, mwanangu, siku mbili juani. Waswahili walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kesi yako ilipofika kwa Mwami, mahindi yalikuwa yameliwa yote, na mbuzi naye ameliwa.

Sisi vijana tulitaka kujitenga. Wazee nao walitaka, ila wao walikuwa wakilipika jambo lao polepole, misimu mitatu sasa. Walishachagua msemaji, wameshatenga beberu wa kumpelekea Mwami wakimwomba atuachie, wanangoja mavuno. Hatukuambiwa, na hatukuuliza. Tuliwaona waoga tu.

Siku hiyo basi, mimi ndiye niliyetumwa kupeleka mguu. Nilipofika mto wa pili, harufu ikanishinda. Nikautupa majini. Ningeishia hapo ningesema uliteleza, lakini kijana hapendi kutenda jambo kubwa bila shahidi. Akapita mchuuzi wa chumvi anayepanda milimani, nikamwambia, "Mwambie Mwami mguu wake umekwenda na maji. Na siye hatuna Mwami tena." Kisha nikarudi nyumbani, kifua mbele.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Niliyemsimulia kwa majivuno alikuwa shangazi yangu Faida, mjane, mmoja wa wanawake wa kwanza kupanda mbegu pale. Mumewe tulikuwa tumemzika ukingoni mwa shamba lake. Aliweka chini ungo wake. Hakunipiga, na heri angenipiga.

"Mu nyumba, batu banatokeaka ku mulango," akasema. "Weye unatoboa ukuta, na siye wote tuko ndani."

Ndipo akanieleza. Mwami ndiye aliyeshikana mikono na wenye msitu kwa ajili yetu. Kama angewatumia neno kwamba sisi si watu wake tena, tungefukuzwa na mahindi yakiwa bado mabichi, na yeye Faida angeliacha kaburi la mumewe kwa nguruwe pori. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mwanangu. Mimi niliwatukana wakunga siku yenyewe ya uchungu.

Jioni ile shangazi akawaeleza wazee, nao wakafunga safari siku iliyofuata. Hawakungoja mavuno tena. Shangazi akanisukuma niandamane nao, naye akaja nyuma yangu, nadhani ili nisitoroke. Kwa siku mbili hakuna aliyenisemesha. Mimi ndiye niliyemvuta beberu, maana mkono mtupu haulambwi, na beberu huyo alikuwa na heshima kuliko mimi katika msafara ule.

Tuliketishwa uani kwa Mwami kutwa nzima. Nilikuwa nimemfikiria mtu mkubwa. Akatoka mzee mwembamba mwenye koti lililochakaa viwiko, akakaa, akatutazama mmoja mmoja. Msemaji wetu akaanza kuzunguka na salamu. Mwami akamkatiza.

"Nani njo alitupa muguu yangu?"

Nikasimama. "Njo miye, Mwami."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa nimejifunza uongo mzuri njia nzima. Nikamwona shangazi anatazama chini, na uongo ukanitoka kichwani. "Ilikuwa inanuka, Mwami."

Mwami akageuza kichwa, akamwita mkewe ndani ya nyumba. "Mama, kuya usikiye. Leo tumepata mutu mwenye iko na pua."

Mama yule alitoka anafuta mikono, akatutazama kwa uchovu, akatuambia kwamba miaka yote ile alikuwa akiizika miguu yetu nyuma ya migomba. Hata mbwa walikuwa hawaitaki. Lakini hawakuweza kuikataa, kwa sababu Mwami akikataa mguu wa watu, amewakataa watu wenyewe. Walikuwa wakingoja sisi tuseme. Na kesi zetu zilikuwa zikimkosesha mzee yule usingizi, kwa kuwa alihukumu mashamba asiyoyajua. Kumbe kamba ilikuwa inawakata wote, aliyefungwa na aliyeishika.

Siku hiyohiyo akatuachia. Tujichagulie mkubwa wetu, tuamue kesi zetu, tuoze binti zetu. Akatuma mtu wake kwa wenye msitu kuwaambia kwamba tumeondoka kwake kwa heri na ardhi ibaki yetu kama walivyopatana. Mimi akaniweka juma zima nikimkatia nyasi za kuezekea paa, kwa ajili ya ile salamu ya mchuuzi wa chumvi. Nilikata nyasi zile kwa furaha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote. Shangazi alirudi nyumbani akiimba, waliniambia, na yeye si mtu wa kuimba.

Mavuno yalipopita, tulichinja mbuzi kusherehekea mkubwa wetu mpya. Shangazi Faida akachukua mguu mmoja wa nyuma, akaukausha juu ya moshi siku tatu mpaka ukawa mwekundu na mgumu kama kuni. Hakuna aliyemwagiza. Akanipa, akasema, "Peleka." Sheria ya nyama mbichi haikutuhusu tena, tulikuwa wageni wanaoleta zawadi. Mwami alikata kipande palepale, akatafuna, akampa mkewe. Ulikuwa mguu wetu wa kwanza kuliwa katika nyumba ile.

Mwanangu, sikukatazi kujitenga. Northfield ni mbali, watoto wanasinzia kwenye basi, na kanisa linaloweza kusimama kwa miguu yake lisimame. Lakini ujumbe ni maji, na maji yakimwagika hayazoleki. Futa ulichoandika. Jumapili nenda kwa mchungaji na mkono usio mtupu, kaa mbele yake, umwambie kwa mdomo wako kinachokunukia vibaya. Huenda naye anazika kitu nyuma ya nyumba. Akikasirika, kata nyasi zake. Nitakuja nawe, niketi nyuma yako kama shangazi alivyoketi nyuma yangu.

Mungu akupe pua ya kunusa na mdomo wa kusema kwa adabu. Akutoe kupitia mlangoni, na mlango huo ubaki wazi siku utakayorudi na mguu wako wa moshi.