Santuri za Kibrazili na Jina la Hamidi

Niliajiriwa kuwa mtunza santuri katika kituo cha redio mjini Moroni mwaka ule ule mamluki wa Kizungu walipoingia na kupindua serikali, 1978. Siku ya kwanza nilivaa shati la kuazima, nikamkuta Mkuu wa Vipindi amesimama mlangoni. Nikamwambia "Kwezi," ndiyo heshima tunayowapa wakubwa kisiwani kwetu Ngazija. Akanijibu kwa Kifaransa, akanipa ufunguo na kitambaa cha pamba.

"Kabati ni hilo," alisema. "Watawala waliopinduliwa walichoma majalada ya serikali, lakini santuri walizisahau. Usije ukazimaliza wewe."

Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, tukarudi baada ya mapinduzi ya huko. Ndiyo maana naandika Kiswahili, ingawa maneno mengi ninayoyasimulia yalisemwa kwa lugha ya visiwani. Nawaandikia vijana wanaoniuliza kazi ile ilikuwaje, na hasa wale wanaotaka kujua nilipata wapi santuri za Kibrazili ilhali sikuwa na kitu.

Kituo hakikuwa na fungu la kununulia muziki. Kabatini mlikuwa na nyimbo za Kifaransa, taarabu kidogo na kaswida. Muziki wa Brazili niliusikia mara ya kwanza kwa Tomé, mpishi Mmsumbiji wa meli ya mizigo. Meli kubwa Moroni hutia nanga mbali, kwa hiyo mabaharia waliletwa na mashua hadi bandari ya zamani, na Tomé alishuka na santuri ndani ya mfuko wa unga. Alizipata kwao, pale Wareno walipofungasha na kuacha nyumba zao. Nikampa vanila, akanipa mbili. Safari iliyofuata nikampa chupa ndogo ya mafuta ya mlangilangi, akanipa tano.

Santuri iliyochakaa ndiyo ya mtu asiye na uwezo, mradi ajue imechakaa vipi. Ishike ukingoni, usiguse uso wake, kisha iinamishe dirishani mwanga uipitie kwa ubavu. Mikwaruzo inayong'aa isikutishe, mingi haifiki ndani ya mfereji, yaani ule mstari mwembamba ambamo sindano hupita. Uogope weupe kama wa majivu, maana hapo sindano nzito imekwisha kula sauti, na hakuna dawa. Uchafu huoshwa kwa maji na sabuni ya kipande, lebo ya katikati ukiifunika isilowe. Iliyopinda niliilaza kati ya vioo viwili vya dirisha, chini ya gunia la mchele, mwezi mzima. Zisizo na majalada zilikuwa rahisi zaidi, nikazishonea majalada ya karatasi ya mifuko ya saruji. Kwa njia hiyo, katika miaka minne, nilijaza rafu nzima. Zilikuwa zangu mimi, si za kituo.

Mtangazaji Hamidi ndiye aliyezipeleka hewani. Alikuwa na sauti ya kumfanya mtu asimame njiani. Tukapewa nusu saa Jumapili alasiri, mimi nachagua, yeye anatangaza. Wanawake walituma watoto kuuliza jina la wimbo waliousikia. Hamidi alikuwa akinitania: "Fundi, wewe huna hata redio nyumbani, lakini mji mzima unacheza kwa ajili yako."

Kisha akaja afisa mmoja wa mamluki. Jina lake sikulijua, tulimwita Kapteni. Alikuwa amepigana Angola, alikijua Kireno. Akasimama mbele ya rafu yangu, akachomoa kumi, akaondoka nazo chini ya kwapa.

"Ni zangu mwenyewe," nilimwambia Mkuu wa Vipindi.

"Una risiti?"

"Nilibadilishana na vanila."

"Basi usinisumbue. Wale hawaombi mara mbili."

Zilirudi saba, zimemwagikiwa pombe, zina alama za sigara. Moja ilikuwa imevunjwa vipande viwili na kurudishwa ndani ya jalada lake, kama mzaha. Niliketi sakafuni na vile vipande mapajani. Nawaambia kweli, sikuwa nimechukia hivyo hata pale mamluki waliponisimamisha kwenye kizuizi cha barabarani na kunipekua mbele ya mama yangu.

Katika zile nilizobakiwa nazo mlikuwa na wimbo mmoja wa taratibu, ngoma ndogo na gitaa. Tomé alikuwa amenifasiria: unamhusu askari wa kukodiwa anayekufa ugenini, na hakuna anayejua azikwe kwa jina gani. Jumapili iliyofuata niliuweka wa tatu kwenye orodha. Nilijua Kapteni husikiliza. Hamidi hakujua maana yake, na sikumwambia. Nilitaka yule mtu ausikie tu, basi. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Wimbo wa mwisho ulikuwa haujakwisha waliposimama ukumbini, Kapteni na askari wawili. Mkuu wa Vipindi alitoka ofisini akifunga kifungo cha koti.

"Anauliza nani amechagua ule wimbo," alituambia.

Hamidi alinigeukia. Jalada lilikuwa mkononi mwangu. Nililigeuza, maandishi yakawa upande wa kifua changu. Hamidi akaona. Akaendelea kunitazama kidogo, kisha akasema, "Kipindi ni changu. Jina langu ndilo lililoandikwa."

Wakamchukua akiwa na kalamu yake sikioni. Mkuu wa Vipindi alisubiri mpaka gari lao lilipoondoka.

"Wewe hukuchagua, sivyo?"

"Sikuchagua," nilisema.

Walimwachia baada ya wiki tatu. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka kwa makofi, na la kulia likivuma. Mtangazaji anahitaji kujisikia ili aipime sauti yake. Hamidi alijaribu mara mbili hewani, akawa anapiga kelele bila kujijua. Wakamwondoa kazini. Mimi nikapandishwa cheo, nikahamishiwa tawi la Mutsamudu, kisiwa kingine, nikiwa Mkuu wa Maktaba. Mkuu wa Vipindi alinisindikiza mwenyewe. "Nenda na masanturi yako," alisema. "Umekuwa mtu wa busara."

Mutsamudu kazi ilikuwa nyepesi. Meli zilifunga gatini, na wapagazi wa bandari walinijua; kila baharia mwenye santuri walimleta hadi mlangoni kwangu. Mkuu wa Tawi, mzee mtaratibu mpenda kahawa, alinisifu mbele ya wageni. Mkusanyiko wangu ulikua maradufu. Niliacha kuusikiliza. Nilinunua, nikaosha, nikashona jalada, nikapanga. Mke wangu aliniuliza siku moja kwa nini sipigi hata wimbo mmoja nyumbani. Nikamwambia sindano ni ghali.

Mamluki walikuwa wamekwisha kuondoka nilipomwona Hamidi tena. Nilikuwa nimempeleka mama mkwe hospitali ya Hombo, hapo hapo Mutsamudu, nikamkuta kwenye benchi akingoja daktari wa masikio. Alikuwa amekuja kwa meli kutoka Moroni, ambako siku hizo aliuza vitunguu sokoni. Nikaketi kushoto kwake, nikaanza kusema. Akanyanyuka, akahamia upande wangu wa pili ili sikio lake la kulia linielekee.

"Sasa sema," alisema.

"Ni mimi niliyechagua, Hamidi. Na maana yake nilikuwa naijua."

"Najua ni wewe. Nani mwingine?"

"Mbona hukunitaja?"

"Nilikutazama, ndugu yangu. Nilikuwa nakupa nafasi useme mwenyewe." Alijifuta uso kwa kanzu. "Pengine wangetupiga zaidi. Lakini tungekuwa wawili mle ndani."

Nikamwambia nitampa santuri zote, rafu nzima, achukue au auze.

"Nizifanye nini?" aliuliza, bila hasira. Muuguzi akamwita mara tatu kabla hajasikia.

Alifariki mwaka mmoja kabla ya mimi kustaafu. Sikwenda maziko, nilisema bahari imechafuka.

Sasa nipo nyumbani. Vijana hunitembelea, wengine kutoka Ulaya, wanashika vitu vyangu kwa ncha za vidole kama misahafu. Mwaka jana binti mmoja mtangazaji alikuja kutoka Moroni kurekodi kipindi kuhusu santuri za zamani. Nilimweleza yote, Tomé, vanila, vioo vya dirisha. Kisha nikamwambia habari ya Jumapili ile, nikataja jina kamili la Hamidi na jina langu, na neno nililomjibu Mkuu wa Vipindi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema mbele ya mtu mwingine. Binti alilia kidogo, akanishukuru.

Kipindi kilipotoka, ile sehemu haikuwamo. Nikampigia simu.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Muda ulikuwa mfupi, na wakubwa waliona ni habari nzito kwa watu waliopumzika. Lakini wote wamependa mambo ya vanila."

Nilikuwa nimewapelekea wanawe Hamidi ujumbe kwamba saa ile wasikose kuwa karibu na redio, kuna jambo la baba yao. Waliacha shughuli zao, wakaketi pamoja na mama yao, wakasikiliza nusu saa nzima, na baba yao hakutajwa.