Hotuba Isiyo na Baba

Mtaani kwetu Kaloleni, miaka ya tisini, ungeweza kusamehewa kuanua nguo za jirani, lakini si kushrabu. Kushrabu ni ulimi wa nyumbani kuchungulia ndani ya Kiswahili au Kiingereza chako: wewe unataka b, wenyewe unakuletea p; kwa wazee hata d na g zilitoka t na k. Sisi tuliotoka magharibi tulikuwa na ugonjwa huo nyumba nzima, na waliotucheka nao hawakuwa wazima.

Vijana wa kanisani walikuwa na desturi yao. Ukisimama kusema, wao wako benchi la nyuma, wanainua kidole kwa kila neno uliloshrabu. Idadi ikawa ndiyo jina lako. Kuna dada wa kwaya aliyeitwa Kumi na Moja mpaka akaolewa.

Basi baba akastaafu kazi ya reli, ikaandaliwa chai katika ukumbi wa mtaa, kanisa zima likaalikwa, na mimi, kidato cha pili, nikaambiwa nitoe shukrani kwa niaba ya watoto. Niliapa kutoka pale bila jina. Nikaandika hotuba isiyo na b hata moja.

Zawadi nilizisahau. Wenzake kazini walimletea blanketi, birika na baiskeli, ungedhani walishauriana na benchi la nyuma. Nikasimama, nikashukuru kwa nguo nzito ya kulalia, chombo cha chai na kile cha magurudumu mawili. Mzazi wangu nilimwita mhusika. "Mhusika ametulea vyema," nikasema. Hakuna kidole kilichoinuka.

"Huyu dem amejipanga," nikasikia mmoja wao akinong'ona. Nilivimba kichwa.

Kisha baba akasimama kujibu. "Pinti yangu ameongea Kiswahili cha retio," akasema. "Mimi nitaongea changu."

Akaongea robo saa nzima. Akamshukuru Mungu kwa paiskeli, kwa planketi, kwa watu wa mtaa mmoja mmoja. Benchi la nyuma vidole viliwaishia, wakaazimana, mwishowe wakakunja mikono na kumsikiliza. Nilimwonea fahari, nikajionea aibu.

Njiani alisukuma baiskeli, mimi nikabeba blanketi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Yule mhusika," akaniuliza, "alishtakiwa kwa kosa kani?"

Nilitaka kujitetea, nikaghairi.

"Nisamehe, papa," nikasema. Lilitoka hivyohivyo, kama nilivyolisema tangu utotoni.

"Naam," akaitikia, akanipa na birika nibebe.