Mume Wangu Anataka Kuombea Msamaha Ajali Niliyoifanya Mimi

Mwenye ukurasa, asante kwa kukubali kulificha jina langu, maana wajukuu wa wifi yangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, nimeolewa Machame. Mume wangu, nitamwita Baba Eli, ana sabini na tatu, na tangu mwaka jana amepooza upande mmoja. Haya ninayowaeleza tunayajua mimi na yeye tu.

Miaka ya tisini, wakati kampuni binafsi za bima zilipoanza kufungua ofisi Moshi mjini, Baba Eli alikuwa dereva wa lori la kahawa. Tulijinyima mpaka tukapata pikapu iliyotumika, akaikatia bima kubwa. Siku za mapumziko akawa ananifundisha kuendesha. Sikuwa na leseni hata ya kujifunzia. Nilikuwa bado kijana, na nilijisikia sana nikishika usukani huku akina mama wenzangu wa kwaya wananiangalia.

Jumamosi moja tulikuwa tunapandisha na mabua ya kulishia ng'ombe kutoka shamba la chini. Usukani nilikuwa nao mimi. Kwenye kona karibu na nyumbani mbuzi akakatiza. Nilitaka kukanyaga breki, nikakanyaga mafuta. Gari likaacha njia likaenda kugonga ukingo, na pale ukingoni alikuwa anapita wifi yangu, dada wa Baba Eli, ana mzigo wa majani kichwani, ametupa mgongo. Mguu wake ulibanwa hapo.

Mimi sikuchubuka. Baba Eli alivunjika bega la kushoto kwa kujigonga mlangoni, lakini alishuka, akazunguka akanifungulia.

"Shuka uende kwa dada," akaniambia. "Aliyekuwa anaendesha ni mimi. Umesikia, Mama Eli? Ni mimi."

Wifi alikuwa amezimia. Watu walipofika walimkuta Baba Eli amesimama kwenye mlango wa dereva, na trafiki akaandika hivyo hivyo.

Nilidhani ananikinga nisifungwe. Baadaye hospitali daktari alipotuambia wifi anahitaji kupasuliwa na kuwekewa vyuma zaidi ya mara moja, ndipo alinieleza mengine. "Wakijua gari liliendeshwa na mtu asiye na leseni, bima hawatoi kitu. Dada atakatwa mguu."

Kampuni ikamleta mpelelezi wao, baba mmoja mpole, hakuwa na haraka. Alituita kituo cha polisi ilipovutwa pikapu, akamwomba Baba Eli akae kwenye kiti cha dereva. Mume wangu ni mrefu. Magoti yalikwama chini ya usukani.

"Mzee, siku ile uliendeshaje hivi?"

"Kiti kilisogea gari lilipogonga."

"Na dereva anakaa kulia. Mbona wewe umeumia bega la kushoto?"

Baba Eli akajibu kwamba alirushwa. Yule baba akanigeukia mimi, mfupi kama nilivyo, akaniangalia kwa muda, akaandika, akaondoka. Haikupita muda ikaja barua: madai yamekataliwa, kampuni hairidhiki kwamba aliyetajwa ndiye aliyekuwa akiendesha.

Baba Eli hakukubali. Alipanda na kushuka ofisini kwao mkono ukiwa umefungwa shingoni, mwisho tukaishia mahakamani. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Nilishika Biblia ile ile ninayoishika Jumapili, nikasema mume wangu aliendesha na mimi nilikaa kushoto. Yule mpelelezi alikuwa amekaa mbele yangu na hakuniondolea macho. Tukashinda. Wifi akalipiwa matibabu na fidia. Mguu ulibaki, ila ni mfupi, na mpaka leo anatembea kwa fimbo.

Kwa upande wake, Baba Eli alishtakiwa kwa kuendesha kizembe, akafungiwa leseni, na kazi ya lori ikaisha hapo. Akarudi kwenye migomba na ng'ombe wawili. Sijawahi kumsikia akilalamika. Kilichomuumiza ni dada yake. Wifi alisema mbele ya ukoo kwamba kaka yake alimlemaza kwa uzembe, kisha akathubutu kubishana na watu wa bima kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Tangu hapo hajakanyaga kwetu. Krismasi watu wote wanapanda nyumbani, yeye anapita getini bila kuingia. Mimi hunisalimia vizuri, hata ndizi huniletea kanisani. Husema, "Pole wifi, umeolewa na mtu mgumu." Nami hupokea.

Mwezi huu wazee wa ukoo wamewasuluhisha. Wifi amekubali kuja Jumamosi ijayo, kwa sharti moja: Baba Eli aombe msamaha mbele ya watu wote kwa kumgonga, na ampe jani la isale, ambalo kwetu huku ukipewa huwezi tena kukataa kusamehe. Baba Eli amekubali, na amefurahi kama mtoto.

Nilimwambia nitasema ukweli. Akanishika kwa ule mkono wake mzima. "Mama Eli, mimi nimeshazoea. Ukisema leo, dada atakuwa amenichukia bure miaka yote hii, na wewe ataanza kukuchukia upya. Niache nipatane naye nikiwa hai."

Sijui anasema kweli au ananikinga tena. Nikinyamaza, nitakaa pembeni yake nimtazame mgonjwa akiomba radhi kwa kosa langu. Nikisema, huenda nikamnyima amani yake ya mwisho na dada yake, na kiapo changu cha uongo kijulikane kanisa zima.

Hawezi kutoka nje, kwa hiyo jani lenyewe ameniomba nikakate mimi. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Naombeni mnijibu kabla ya Jumamosi.