Mafuta ya Upele kutoka Shamba la Mkonge

Siku moja ya utoto wangu haijanitoka, mwanangu, na wiki hii imenirudia kwa hasira. Uhuru ulikuwa bado. Mzungu mwenye shamba la mkonge hapa Kilosa alileta makopo ya mafuta ya upele kambini. Tukapangwa mstari, tukaimba, tukapiga makofi. Bibi yangu, mtu wa milima ya Berega, alipokea kopo lake akafunga mdomo. Nikamwuliza mbona haimbi.

"Upele mmeutoa wapi?"

"Mtoni, bibi."

"Na mtoni nani anamwaga maji ya mkonge?"

Nikamwonyesha Mzungu kwa kidole.

"Anikune, sawa," akasema. "Lakini nimwimbie aliyeniwasha?"

Uhuru ukaja, Azimio likaja, shamba likawa la umma, Mzungu akaenda zake. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukasema. Tukapona wapi? Mashine ya kukamulia mkonge ikabaki, na mfereji wake wa maji machafu ukabaki palepale, juu ya tunapochota.

Sasa ni wewe unayejikuna mpaka damu, hata kutembea hujajua. Juzi meneja mpya kaja na makopo yaleyale. Balozi wetu wa nyumba kumi akatuambia akina mama tuimbe, shamba linatujali. Nikasema siimbi.

"Mama, shamba hili ni lenu sasa," meneja akaniambia, kwa upole kabisa.

"Kama ni letu, ndugu meneja, hamisha mfereji wetu."

Wenzangu wakacheka. Yeye akatazama saa yake, akapanda gari.

Wala si hapa tu. Shangazi yako yuko Mikumi. Kule waliochimba kokoto za barabara waligawa jezi na mpira, mashimo wakayaacha wazi, na mbuzi wake akafia humo. Kila mahali na zawadi yake, kila mahali na shimo lake.

Sikufundishi kiburi, mwanangu. Mafuta nimeyapokea na nimekupaka, maana ngozi yako haiwezi kungoja mabishano ya wakubwa. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, hata kikija na kopo mkononi. Ukipewa dawa, ipokee kwa mikono miwili, kisha uliza mbele za watu ugonjwa umetoka wapi. Wimbo uweke mpaka mfereji uhame.

Mungu akupe ngozi nzima, na sauti ya kuimba siku hiyo, nami niwe hai nikuitikie.